Diwani Asiye na Ngoma

Neno diwani, ndugu msomaji, lina maana tatu katika Kiswahili, na wanafunzi wa sekondari huijua kwanza ile wanayokutana nayo darasani: mkusanyiko wa mashairi ya mtunzi. Nje ya darasa diwani ni mtu aliyechaguliwa na wakazi wa kata ili awasemee katika baraza la mji. Maana ya tatu ni kongwe. Katika miji ya Mrima, kama Sadani, Bagamoyo na Pangani, diwani alikuwa mkuu wa mji, mwenye siwa na ngoma kuu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903, ameeleza gharama alizozibeba mtu aliyetaka daraja hiyo: kulisha mji, kutoa ada, kuchezesha ngoma. Mkubwa asiyewalisha wala kuwachezesha watu wake hakuwa mkubwa wa mtu yeyote. Hatusemi utawala ule urudi. Ulikuwa na watumwa ndani yake, na hatuna haja nao. Twasema tu kwamba ulijua jambo moja ambalo waliochaguliwa wa siku hizi wamelisahau, yaani kwamba ngoma ni deni la kiongozi kwa watu, wala si deni la watu kwa kiongozi.

Yametukumbusha haya maneno tuliyoyasikia Feri miaka kadhaa iliyopita, karibu na soko la samaki la Magogoni. Ilikuwa saa ya mchana mnada umekwisha, magamba yangali chini, na kina mama wakaanga samaki wameacha makaratasi na mafuta yao kuja kumsikiliza diwani wa mojawapo ya kata za upande wa Kariakoo, ambako wengi wao walikuwa wapangaji. Jina la diwani huyo na la kata yake tunayaacha. Hatuna ugomvi na mtu, tuna ugomvi na fikra. Sisi tulikuwapo kwa kazi, tumeketi pembeni na daftari la muhtasari, na habari ya daftari hilo tutairudia.

Kina mama walikuwa na ombi moja. Walitaka wafungiwe kipande cha mtaa Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, watandaze turubai, walete ngoma na tarumbeta, wacheze tangu alasiri hata usiku. Diwani, kijana mwenye heshima, alianza kwa kumwamkia shikamoo mkubwa wao, kisha akatoa hoja zake. Alisema kwamba siasa ni mitaro, si matarumbeta. Alisema jamii itaendelea kwa kazi, na kwamba muziki una mahali pake, nao ni wakati wa kampeni, unapohitajika kukusanya watu, na katika harusi. Akamalizia kwa rai ambayo alitaka ipelekwe kwenye kamati: kwamba ngoma zote za mitaani zisimamishwe miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, kwa kuwa joto huwafanya watu walale madirisha wazi na kelele haziwapi usingizi.

Yule mkubwa wao akasema, "Mheshimiwa mwanangu, ulipokuja kutuomba kura, sisi ndio tuliokupigia. Mbona siku ile hukutuuliza kibali?"

Watu wakacheka. Diwani naye akacheka, akajibu, "Bibi, ile ilikuwa kampeni."

Jibu lile halitaki kuchekwa, linataka kujibiwa. Twalijibu hapa kwa sababu si la kijana mmoja. Tumelisikia katika ofisi nyingi, na kwa vinywa vya watu waliosoma kuliko sisi ambao elimu yetu iliishia sekondari. Ni fikra inayokubali muziki uitwe upatu wa kuita watu, kisha inauona ni fujo pindi watu hao hao wanapoupiga kwa haja zao wenyewe. Wenye fikra hii hudhani wanaitetea siasa isichezewe. Kwa kweli hawajui siasa ya mji wao ilikotoka.

Natuanzie na Kariakoo yenyewe. Jina hilo tuliachiwa na Vita Kuu ya Kwanza, pale Waingereza walipowaweka wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na ndimi zetu zikalipa neno hilo uraia. Baada ya vita hiyo vijana wa mji waligawanyika katika vyama vya beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande wa pili, vyenye vyeo vya kijeshi, sare, matarumbeta na gwaride. Wako Wazungu waliocheka wakisema Waafrika wanaigiza jeshi. Wako walioogopa, wakidhani ni jeshi kweli. Wote wawili hawakuona kilichokuwa ndani ya sare. Mtu aliyetoka bara bila jamaa alipata wenyeji katika beni. Aliyefiwa alipata sanda na wachimba kaburi. Palikuwa na michango, na mabishano ya nani atoe amri na nani asitoe. Hiyo haikuwa serikali, lakini watu wake walikuwa wakijizoeza kazi ya kujiongoza katika nchi ambayo hawakuruhusiwa kuongoza lolote. Mkoloni alilijua hilo kuliko wajukuu wetu, ndiyo maana alitaka ngoma za mjini ziombewe kibali kwake kwanza.

Vyama vya namna hiyo havikukoma na beni. Vilikuja vilabu vya taarabu, kama Egyptian na Al-Watan. Zikaja bendi za dansi, kama Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, na baadaye Western Jazz iliyoanzishwa mwaka 1959. Wanawake walikuwa na lelemama. Kikundi cha lelemama kilikuwa na kiongozi, kilikuwa na ada na sare, na mwanachama asiyefika mazikoni aliulizwa alikuwa wapi. Mazoezi yalifanywa uani, katika zile nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati, ambazo leo Kariakoo zimebaki za kuhesabu kwa vidole baada ya maghorofa ya maduka kuzimeza. Ua ulipokwenda, ngoma ilitoka barabarani. Kisha twaiuliza ngoma inafanya nini barabarani!

Mwaka 1955 TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, tangu ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Alikuja Dar es Salaam mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, naye akauliza swali ambalo viongozi hawakuwa na jibu lake: wanawake wenu wako wapi? Hapo ndipo alipotafutwa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huu, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Tafadhali, ndugu mwalimu, uwasimamishe wanafunzi wako hapa kidogo. Hakutafutwa mwanamke mwenye shahada, maana hakuwapo. Hakutafutwa mke wa mkubwa. Alitafutwa mwimbaji. Naye hakuanza kwa kuhutubia viwanja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa alijua kila mmoja wao ana watu nyuma yake waliokwisha kuzoea kuitwa wakaitika na kuchanga wakahesabiana. Yasemwa kwamba kabla mwaka huo haujaisha wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Kadi za chama zilikwenda kwa njia ambayo sare za lelemama zilikuwa zimekwisha kuifungua.

Nani basi alimtumia nani? Diwani wetu angesema TANU ilitumia ngoma kukusanya watu. Twakataa. Watu walikuwa wamekusanyika zamani. Chama ndicho kilichokwenda kwao, kikaazima mpango wao, uaminifu wao na sauti zao. Deni hilo halijalipwa. Barabara moja kubwa ya mji inaitwa Bibi Titi Mohamed, ni heshima njema, lakini mtu anaweza kuipita kila siku akienda Kariakoo asijue kwamba aliyepewa jina lile alianza na ngoma.

Tuna mfano mwingine, nao watupendeza kuliko yote kwa sababu ya lile neno tulilolianza. Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji alitoa mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi pamoja na Diwani ya Amri, kitabu ambacho sisi watunzi tumekikalia kama wanafunzi mpaka leo, hata wale wetu wanaojidai kuzivunja sheria zenyewe. Miaka sita baadaye, 1960, mtu huyo huyo alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Diwani mkononi, na udiwani kifuani! Hakuna aliyemwambia achague moja. Na alipofariki mwaka 1964 alikuwa Waziri aliyebeba pamoja maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa, mambo mawili chini ya dari moja. Huo ndio ujirani ambao kijana wetu wa Feri aliuvunja kwa sentensi moja ya mitaro na matarumbeta.

Rais Julius Nyerere, katika hotuba yake kwa Bunge Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, alisikitika kwamba waliosoma walifundishwa nyimbo na dansi za Wazungu na hawakujua gombe sugu, mangala wala lelemama, akaunda wizara ya utamaduni. Tangu hapo dola yetu haikuacha kuushughulikia muziki, mara kwa mapenzi, mara kwa kiboko. Jumuiya ya wafanyakazi NUTA ilikuwa na bendi yake tangu 1964. Bendi ya Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilichukuliwa na DDC, shirika la halmashauri ya jiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sisi tuliokuwa watoto wakati huo twaikumbuka redioni kama watu wengine wanavyokumbuka sauti za wajomba zao. Tusidanganyane, mpango ule nao ulikuwa na upungufu. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na koo lake tu. Lakini halmashauri ya mji iliona si aibu kuwa na bendi kama ilivyokuwa si aibu kuwa na soko. Hilo twalitamka kwa sauti ili vijana walisikie, maana leo ukimwambia ofisa wa jiji kwamba jiji liliwahi kulipa mishahara ya wapiga gitaa, atadhani unamtania.

Na kiboko? Mwaka 1969 viongozi hapa mjini walipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja ya kulinda utamaduni. Vijana hawakuhamia gombe sugu kwa sababu hiyo. Marufuku ikafa, kama zifavyo marufuku za masikio. Tunaikumbusha kwa sababu wapo wasomaji watakaotuunga mkono juu ya lelemama, kisha watatuacha tutakapofika kwenye singeli.

Basi tufike. Singeli imezaliwa katika mitaa ya watu wa kawaida wa Dar es Salaam, Manzese, Tandale na jirani zake, ikirithi mchiriku na mnanda. Sisi binafsi hatuupendi mwendo wake. Unatukimbiza kama watu tulioiba. Maneno yake mengine hatungependa yasikiwe na wajukuu zetu. Lakini tulipouliza nani hulipia muziki ule, tulijibiwa habari tulizozijua: kikundi cha mtaa, michango, daftari, mtu anaolewa, mtu anatoka jandoni, mtu alikuwa hospitali akapona. Mifupa ni ile ile ya beni na lelemama, nyama ndiyo iliyobadilika. Asemaye huu si utamaduni wetu, aseme basi ni wa nani. Umesafiri hadi majukwaa ya Ulaya, na huko hawakudhani umetoka kwao.

Sasa turudi kwenye usingizi, maana hapo diwani alikuwa na haki, na hatutaki kumnyima. Muziki wa kukesha kwa vipaza sauti vya umeme ni adhabu kwa mgonjwa, kwa mtoto mchanga na kwa mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi mnada wa Feri. Yale yaliyoitwa vigodoro yalifikia mahali watoto wakawa watazamaji wa mambo ya watu wazima hadi alfajiri, na wazazi walionung'unika walikuwa na sababu. Zipo kanuni za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, zinazopima kelele kwa eneo na kwa wakati. Zitumike! Lakini kipimo hakiulizi ni nani anayepiga. Kipimo kile kile kisomwe kwenye baa ya tajiri, kwenye mahubiri yenye spika kumi na mbili, na kwenye gari la kampeni linalopita saa mbili asubuhi likimtangaza mheshimiwa. Sheria inayowakuta wakaanga samaki tu si sheria ya kelele, ni sheria ya wakaanga samaki.

Tena miezi ya kaskazi! Mtu akitaka kuwahurumia wanafunzi, mitihani ya kidato cha nne hufanywa Novemba, kabla ya marufuku yake kuanza. Na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini ngoma hupenda kaskazi. Upepo wa kusi unapovuma bahari huchafuka na vyombo vidogo hukaa. Kaskazi ikiingia bahari hulainika, ngalawa hutoka, samaki hushuka, na mkaanga samaki hushika fedha. Joto nalo huwatoa watu vyumbani, wakaketi vibarazani mpaka usiku mkubwa, na jirani asiyeonekana mwaka mzima huonekana. Ndiyo miezi ambayo watu wapo, na wana cha kuchanga. Kumwambia mtu acheze Juni badala ya Februari ni kumwambia avune kabla ya kupanda.

Kama diwani alitaka kweli kumaliza kelele za barabarani, angeomba kiwanja. Wakazi wa Kariakoo wana Mnazi Mmoja, ule uwazi ambao mkoloni aliuacha ili kututenga na nyumba zake na ambao sisi tuliugeuza kuwa mahali pa mikutano yetu. Pembeni yake upo Ukumbi wa Arnautoglu, ambako wazee wetu walicheza dansi miaka ya 1950. Viwili hivyo haviwezi kubeba mji uliokua kiasi hiki. Katika kila mtaa palipokuwa na ua au kiwanja pamesimama ghorofa, na ghorofa hilo lilipata kibali. Kamati iliyoweza kutoa idhini kwa maduka yote yale ingeweza kutafuta mita mia za watu kuchezea, na kuandika kwamba mwisho ni saa nne usiku. Hatukuwahi kuiona ajenda hiyo katika makabrasha yaliyopita mikononi mwetu.

Nayo yalipita mengi, ndugu msomaji. Tuliahidi kulirudia daftari. Ofisi tuliyoitumikia, ambayo hatuitaji, ilipokea muhtasari wa mkutano ule wa Feri, na barua ya kuwajibu kina mama ilitungwa na sisi. Tulikuwa na umri wa kutosha kujua. Tulikuwa tumetunga mashairi juu ya lelemama na kuyasoma hadharani, tukapigiwa makofi. Tukaketi, tukaandika kwa Kiswahili sanifu kwamba ombi lenu limepokelewa na kutafakariwa kwa kina, na kwamba kwa sasa haikuonekana vema, tukapiga muhuri. Haikutuchukua robo saa.

Hatukufunguliwa macho na kitabu. Mwaka uliofuata tulikwenda Feri kununua samaki, tukamtafuta yule mkubwa wao kwa salamu tu. Mwenzake, bila kuinua uso kutoka kwenye karai, akatwambia, "Bibi tumemzika mwezi wa Mei. Tulipitisha bakuli hapa sokoni, baba. Mfuko ulikuwa mtupu." Tulimpa mkono wa pole, tukanunua samaki ambao hatukuwa na hamu nao tena.

Kesho yake tulilitafuta jalada, na fomu ya ombi lao ilikuwamo, imeshonwa nyuma ya barua yetu. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa shule, pengine mjukuu, wenye kistari chini ya kila jina. Penye nafasi ya idadi ya wahudhuriaji waliandika mia mbili. Penye aina ya burudani waliandika ngoma na tarumbeta. Na penye madhumuni ya shughuli, mstari ambao hatukuusoma siku ile tulipopiga muhuri, palikuwa na maneno matatu: mchango wa kuzikana.